Helikopta, Ajali na Ukaguzi Kabla ya Kuruka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi wa helikopta. Miaka mingi ya kazi yangu nimeimalizia upande wa Teminali 1, uwanja wa Julius Nyerere hapa Dar es Salaam, kwenye jua na upepo wa chumvi. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na abiria waliokuwa wanasubiri kuondoka, na majirani zangu wa Ukonga wanaoona helikopta ikipita juu ya mabati yao, na vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo.

Helikopta ikianguka, kwa kawaida huwa ni nini?

Mtaani jibu ni moja tu: "Injini imezima." Lakini ukiisoma ripoti ya ajali mpaka ukurasa wa mwisho, mara nyingi unamkuta binadamu. Rubani aliingia kwenye ukungu ambao hakutakiwa kuingia. Fundi alirudishia nati ambayo ilipaswa kutupwa. Mzigo ulizidi. Mafuta yalikadiriwa kwa macho.

Na hata injini zikizima kweli, uliza zimezima kwa nini. Usiku wa tarehe 29 Novemba 2013, helikopta ya polisi iliangukia baa moja mjini Glasgow, Uskoti. Watu 10 walikufa, watatu waliokuwa ndani yake na saba waliokuwa kwenye baa. Injini zote mbili zilikuwa zimezima kwa kukosa mafuta, na huku mafuta mengine yalikuwa bado yamo kwenye tangi kuu. Pampu za kuyapeleka kwenye matangi yanayolisha injini zilikuwa zimezimwa. Taa za onyo ziliwaka.

Ukaguzi kabla ya kuruka ni nini, na unafanywa na nani?

Ni kuitazama helikopta yote kwa macho na mikono kabla haijawashwa, ukifuata orodha ya mtengenezaji. Rubani ndiye anayebeba dhamana. Fundi naye ana ukaguzi wake wa kila siku na anauwekea saini kwenye kitabu cha ndege, lakini saini yangu haimwondolei rubani wajibu wa kuzunguka mwenyewe. Ninapenda iwe hivyo. Jicho la pili huona kile ambacho jicho la kwanza limeshakizoea.

Halafu kuna sehemu isiyohusu chuma: karatasi za ndege, uzito, mafuta, hali ya hewa, na rubani mwenyewe. Amelala? Amekula? Ana homa? Amemeza dawa ya mafua inayoleta usingizi? Kuna nyumba yenye mgonjwa au msiba inayomvuta mawazo? Rubani mwaminifu hujiuliza haya kabla hajaigusa mashine.

Rubani anaangalia nini hasa anapoizunguka?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Saa kumi na mbili asubuhi helikopta imelowa umande. Unaanzia mlango wa rubani na kuzunguka kwa upande uleule siku zote, mpaka mkono ukariri njia. Unatoa vifuniko vyekundu vya midomo ya injini na vya bomba la kupimia mwendo, na unavihesabu. Kama jana vilifungwa vinne, leo viwe vinne mkononi.

Kisha mafuta. Chini ya tangi kuna kivalvu kidogo. Unakinga chupa ya kioo, unachota kidogo, unainua chupa kwenye mwanga wa jua. Mafuta ya Jet A-1, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa, yanatakiwa yang'ae kama maji ya dafu, pasiwe na kitu kinachoelea. Lita moja ya mafuta haya ina uzito wa kama gramu 800, na maji ni gramu 1,000, kwa hiyo maji hukaa chini. Utayaona kama shanga imelala kwenye kitako cha chupa, na ukitikisa shanga inatembea. Ukiiona hiyo, unamwaga na kuchota tena mpaka iishe, na unajiuliza imeingiaje. Hapa Dar hewa ina unyevu mwingi, na tangi lililolala nusu hutoa jasho ndani. Helikopta ndogo kama R44 hutumia petroli ya ndege, ambayo hutiwa rangi ya buluu. Hiyo rangi imewekwa makusudi. Ukichota ukakuta haina buluu, acha kila kitu.

Unatazama oili kwenye vioo vyake: ya injini, ya giaboksi kubwa, ya giaboksi ya mkia. Unapitisha kidole chini ya mipira ya haidroliki, ile inayopitisha mafuta ya kusaidia usukani, kutafuta unyevu. Tone moja jipya sakafuni si kitu cha kufuta na kuendelea. Lina mahali lilipotoka.

Kwenye nati muhimu tunachora mstari wa rangi unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye bodi. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Mstari ukikatika, nati imezunguka hata kama mkono unaiona imekaza. Ribiti zilizolegea nazo husema zenyewe, maana hujichora michirizi ya vumbi jeusi kwenye rangi. Mahali rangi imevimba kama lengelenge, chini yake chumvi ya bahari inakula bati. Sisi wa pwani tunalijua hilo kuliko wenzetu wa Arusha.

Halafu mapangaboi. Unapitisha kiganja polepole kwenye ukingo wa mbele wa kila panga, kwa sababu ufa mwembamba au mbonyeo hupatikana kwa ngozi kabla ya macho. Pangaboi la mkia nalipa muda zaidi. Ni dogo, linazunguka kwa kasi sana, kwenye R44 ni zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na bila hilo helikopta yenyewe itaanza kuzunguka.

Mwisho unaingia ndani. Milango inajifunga sawasawa? Kuna koti, chupa, mfuko wa rambo umeachwa kwenye kiti cha nyuma? Nguo iliyonyonywa kutoka mlangoni hukimbilia mkiani. Kisha unarudi nyuma hatua kumi na kuitazama yote kwa pamoja, imesimama sawa au imeegemea upande. Kuna kasoro zinazoonekana ukiwa mbali tu.

Kama ilikaguliwa jana, leo ya nini tena?

Kwa sababu usiku umepita hapo katikati. Kunguru wa Dar es Salaam unawajua. Wanaokota waya, vijiti na nyuzi, na tundu lolote lenye kivuli wanalihesabu kuwa ni nyumba. Mlinzi anaweza kuwa ameisogeza helikopta kwa kigari na kuigusisha ukuta, akaogopa kusema. Mvua imenyesha. Na huenda fundi alikuwa humo.

Fundi mwenyewe nilikuwa mimi. Ilikuwa masika, nikafanya kazi mpaka usiku wa manane nikibadilisha bomba la oili, mvua inapiga kwenye mabati ya hanga. Nilimaliza, nikafunga, nikaweka saini, nikaenda kulala. Asubuhi kapteni akafungua kifuniko cha injini ambacho mimi nilikuwa nimeshakifunga, akaingiza mkono, akaja nilipokuwa nimekaa nakunywa chai.

"Fundi, hii ni yako?"

Ilikuwa tochi yangu ndogo. Niliiacha imelala karibu na fimbo zinazoongoza mwendo wa injini. Ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba niliiweka mfukoni. Hakunigombeza. Aliiweka mezani na kurudi kuanza ukaguzi wake upya tangu mlangoni. Mikono yangu ilitetemeka mpaka chai ikamwagika.

Tangu siku ile kila kifaa changu kina umbo lake lililochorwa kwenye ubao, spana kwa spana. Umbo likiwa tupu, helikopta haiondoki mpaka kifaa kipatikane. Na nikiwa nimefanya kazi usiku, namwambia rubani ni wapi hasa nilipogusa ili apatazame mara mbili.

Kweli kitu kidogo kama pini kinaweza kuua watu?

Ndiyo. Mafundi wa magari wanaijua kota pini, kile kiwaya kinene chenye miguu miwili kinachopitishwa kwenye tundu la boliti ili nati isijifungue.

Tarehe 7 Desemba 2011 helikopta ya watalii aina ya AS350 ilikuwa inatoka Las Vegas, Marekani, kwenda kuwaonyesha wageni bwawa la Hoover. Siku moja kabla ilikuwa imetoka kwenye ukaguzi unaofanywa kila baada ya saa 100 za kuruka. Ikiwa hewani ikapanda ghafla, ikageuka, ikashuka kwenye bonde. Rubani na abiria wake wanne wote wakafa. Wachunguzi walikuta fimbo moja ya kuongozea pangaboi kubwa ilikuwa imeachana na mahali pake. Nati ya kujikaza ilikuwa imerudishiwa ikiwa imechoka, na kota pini haikufungwa sawasawa au haikuwekwa kabisa. Fundi na mkaguzi wake walikuwa na uchovu, na ripoti imelitaja hilo kuwa mojawapo ya sababu.

Niliposoma ripoti ile nilikwenda hanga siku hiyohiyo nikatazama kota pini zote za mashine niliyokuwa nayo. Zilikuwepo. Nilizitazama tena kesho yake.

Hali ya hewa nayo ni sehemu ya ukaguzi?

Kwangu mimi ni nusu nzima ya ukaguzi. Helikopta yenye afya kamili, ikiingizwa kwenye wingu na rubani anayeruka kwa kutazama ardhi, inaweza kuanguka bila kitu chochote kuharibika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant. Tarehe 26 Januari 2020, karibu na Calabasas huko California, yeye, binti yake na wengine saba walikufa katika helikopta aina ya S-76B. Wachunguzi hawakukuta hitilafu ya mashine. Rubani aliingia mawinguni akapoteza mwelekeo. Aliwaambia waongoza ndege kwamba anapanda, na wakati huo helikopta ilikuwa inashuka. Hakuwa anadanganya. Majimaji ya ndani ya sikio yanayotupa mizani hudanganya mtu yeyote asiyeiona ardhi, na mwili mzima unakubaliana nayo. Ripoti ilisema pia kuwa huenda rubani alijibebesha mwenyewe shinikizo la kumfikisha mteja wake.

Kwetu hapa, kati ya Machi na Mei, unaweza kuondoka Dar mbingu ni nyeupe ukakuta milima ya Uluguru imejifunika shuka mpaka miguuni. Ndiyo maana rubani anasoma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa za anakotoka, anakopita na anakokwenda. Na anajiuliza njia ya kurudi iko wapi.

Mafuta yanakwenda na hilo hilo. Kiwango cha kimataifa kinataka helikopta inayoruka kwa kuona ardhi ifike ikiwa bado na akiba ya dakika 20. Rubani anayepita milimani masika na akabeba dakika 20 kamili, mimi namwona amejinyima.

Injini ikizima hewani, inaanguka kama jiwe?

Hapana, ikiwa rubani atawahi. Umewaona watoto wa pwani wakitengeneza kifeni cha ukuti wa mnazi? Mtoto akikimbia, upepo unakizungusha bila mtu kukigusa. Helikopta ikizimika, rubani anashusha mara moja mkono wa chuma unaoongoza mwinamo wa mapanga, na upepo unaotoka chini unaendelea kulizungusha pangaboi kubwa wakati helikopta inashuka. Karibu na ardhi anautumia ule mzunguko uliobaki kupunguza kasi na kutua. Marubani hulifanyia mazoezi jambo hili tena na tena. Lakini muda wa kushusha ule mkono ni mfupi sana, sekunde moja au mbili, na pangaboi likishapoteza kasi halirudi.

Kwa nini mnatupima kwenye mizani kama magunia?

Samahani kwa hilo, najua akina mama wengi hawalipendi. Hewa ya joto ni nyepesi, na mapanga hupata kidogo cha kushikilia. Helikopta iliyowanyanyua watu wanne bila shida alfajiri inaweza kulemewa nao saa nane mchana wa Februari. Zaidi ya uzito wote, tunataka kujua uzito uko wapi. Ukirundika mizigo upande mmoja au nyuma, rubani anaweza kumaliza urefu wa usukani wake kabla helikopta haijakaa sawa. Kwa hiyo taja kilo zako za kweli, na begi ulilolificha chini ya kiti liseme.

Ukaguzi unaweza kuzuia kila ajali?

Hauwezi, na anayekuambia unaweza usimwamini. Tarehe 27 Oktoba 2018 helikopta ya mmiliki wa klabu ya Leicester City, Vichai Srivaddhanaprabha, ilipaa kutoka katikati ya uwanja wa mpira, na muda mfupi baadaye pangaboi la mkia likaacha kumsikiliza rubani. Watu wote watano walikufa. Beringi iliyokuwa ndani kabisa ya mkia ilikuwa imeharibika na kukwama. Hakuna mtu ambaye angeizunguka helikopta ile asubuhi na kuiona. Vivyo hivyo Turøy, Norwei, tarehe 29 Aprili 2016, ambako ufa ulianzia ndani ya gia na watu 13 wakafa.

Ajali za namna hiyo ni za kuzuiwa kiwandani na kwenye vipimo vya karakana. Zile zilizobaki, za nati, za maji kwenye mafuta, za wingu, ndizo zilizo mikononi mwetu asubuhi.

Ajali ya helikopta ni lazima watu wafe?

Si lazima. Hapa hapa uwanja wa Julius Nyerere, Aprili 2014, helikopta iliyombeba Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal ilianguka wakati wa kupaa. Yeye na viongozi wenzake, akiwemo Waziri wa Ujenzi wa wakati huo John Magufuli, walikuwa wanakwenda kukagua uharibifu wa mafuriko jijini. Wote walitoka hai. Hata katika ajali ya Aprili 2024 iliyomuua Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, na wenzake tisa, wawili walinusurika. Kwa hiyo mkanda wako ufunge kama mtu anayekusudia kutoka.

Mimi abiria nifanye nini?

Usisogee mpaka uitwe. Uitwapo, njoo kutoka mbele, mahali rubani anakuona usoni, umeinama kidogo. Usipite nyuma kamwe, hata ukiwa umesahau simu. Pangaboi la mkia likizunguka halionekani. Kama helikopta imetua kwenye mteremko, usije kutokea upande wa juu, kwani huko mapanga yako karibu na kichwa chako.

Kofia, mtandio na kanga vikunje mkononi au uvifunge. Watoto washikwe.

Sikiliza maelezo ya mkanda na uufungue mwenyewe mara moja kabla ya kuondoka. Tarehe 11 Machi 2018 jijini New York, kamba ya kumshikilia abiria aliyekuwa anapiga picha mlango ukiwa wazi ilinasa kwenye mkono wa kuzimia mafuta. Injini ikazima, helikopta ikatua mtoni na kupinduka. Rubani alitoka. Abiria wote watano walikuwa wamefungwa kwa kamba ambazo hawakuweza kuzifungua upesi, wakazama.

Ukivuka bahari kwenda Unguja, jaketi la kuokolea livae, ila usilijaze upepo ukiwa ndani, litakukwamisha mlangoni.

Na jambo moja zaidi: rubani anapokagua, usimsemeshe, usimwombe picha. Akikatizwa katikati, mwenye nidhamu anaanza tena mwanzo, na asiye nayo anaruka sehemu.

Kwenye mikutano ya kampeni je?

Hapo ndipo roho yangu hunidunda. Chopa inatua kwenye uwanja wa shule, vumbi limemfunika rubani macho, na watu mia tano wanakimbilia kuigusa. Anayeandaa mkutano aweke kamba na vijana wa kuzuia watu kabla helikopta haijaonekana, na amwage maji uwanjani. Na ratiba ya mikutano saba kwa siku isimnyime rubani muda wa kuzunguka mashine yake kila inapozimwa.

Nani anasimamia haya hapa nchini?

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Ndiyo inayotoa leseni za marubani na mafundi, vyeti vya ndege zenye namba zinazoanza na 5H, yaani zilizosajiliwa Tanzania, na vibali vya kampuni. Unapokodi helikopta una haki ya kuuliza kama kampuni ina kibali cha kubeba abiria wa kulipa. Uchunguzi wa ajali ni kazi ya kitengo kingine, chini ya wizara inayohusika na uchukuzi.

Mwanangu anataka kuwa fundi wa ndege. Aanzie wapi?

Fizikia na hisabati shuleni, kisha aulizie Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo. Mwangalie pia nyumbani. Mtoto anayerudisha kisu alipokitoa atafaa.

Rubani akiahirisha safari, nimchukulieje?

Kuna familia ilikodi helikopta kuwahi mazishi Mahenge. Walifika mapema, wamevaa tayari, mama mkubwa wa marehemu amekaa mbele. Kapteni alisoma taarifa ya hali ya hewa, akapiga simu Morogoro, akatoka akawaambia Uluguru haipitiki, wasubiri. Kijana mmoja akaanza kupaza sauti, kwamba pesa imelipwa, kwamba jeneza haliwezi kusubiri. Kapteni akakaa naye kwenye benchi, akamwonyesha kwenye simu picha ya wingu aliyotumiwa.

Yule mama akamshika kijana mkono. "Mwache mwenzio afanye kazi yake. Mimi nitakaa."

Nikawaletea chai na vitumbua kutoka kwa mama ntilie wa nje. Saa nne na nusu simu ya Morogoro ikaita, wingu limenyanyuka. Kapteni akasimama, lakini hakwenda mlangoni. Helikopta ilikuwa imekaa uwanjani saa tatu tangu aikague, kwa hiyo aliizunguka tena yote, kiganja kwenye kila panga, na familia nzima imesimama kimya inamtazama.